Nilipokuwa Mdomo wa Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mikono yangu inaacha kazi iliyokuwa ikifanya. Wala haikuwa siku ya msiba. Ilikuwa jioni ya kawaida, mwaka 2017, katika darasa la Kiingereza la koleji moja hapa Dallas, na watu walinipigia makofi. Hayo makofi ndiyo ninayotaka kukusimulia leo.

Lakini kwanza nikwambie kwa nini nimekuita. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa nyuma yenu kwenye foleni pale mezani kwa karani wa parokia. Baba yako alikuwa anamwandikisha mdogo wako mafundisho ya komunyo ya kwanza. Yule mama wa Kimarekani akamwuliza jina la mtoto. Baba yako akavuta pumzi, akafungua mdomo, nawe ukapita mbele yake. "Dad, I got it," ukasema, ukamaliza kila kitu kabla hajaufunga huo mdomo. Nilikuona wewe, na baba yako nilimwona pia. Alirudi nyuma kidogo, akatabasamu, akaanza kutazama viatu vyake.

Tabasamu lile nalijua sana. Kisha pale nje mama yako akanipa habari njema, kwamba mwezi wa nane unaanza koleji, usome hapo kwa bei nafuu kwanza halafu uhamie chuo kikuu, na kwamba umemshawishi baba yako naye aanze Kiingereza pale pale, madarasa ya jioni. Nilifurahi, mwanangu, nisikufiche. Ila nilipofika nyumbani nilikosa raha kabisa. Ndiyo maana nimekuita chai. Kunywa, na hayo maandazi ni yako, usinionee haya.

Nyinyi mnaniita Mama Mkubwa, nami naitika, ingawa mvi zangu bado si nyingi kiasi hicho. Mwaka ule nilikuwa nimevuka thelathini. Lakini mtu anayeanza lugha upya ni kijana upya, hata awe na wajukuu, na ujana wangu wa Kiingereza ulikuwa na kiburi chote cha ujana.

Tuliishi mtaa wa Vickery Meadow, kwenye yale maghorofa ambako ukifungua dirisha unasikia lugha tano kabla hujasikia Kiingereza. Mimi, marehemu mama yangu Melania, na mdogo wangu Deo. Nyumbani tulizungumza Kirundi, na kwa majirani Kiswahili chetu cha kambini Kigoma, kile tulichokulia. Mimi nilifika kidato cha nne kambini, kwa hiyo Kiingereza nilikuwa nacho cha kubabaisha. Mama hakuwa nacho. Alikuwa na maneno machache ya dukani, na alikuwa na hamu.

Nilipokwenda kujiandikisha koleji, mama akaniuliza, "Na watu wazima wanapokelewa?" Nikamwambia wanapokelewa, wale wa madarasa ya jioni. Akafunga kitenge chake vizuri akasema, "Basi niandikishe na mimi. Nataka siku moja nijisemee mwenyewe."

Nilimwandikisha, lakini ukweli ni kwamba sikuyasikia maneno yale. Nilidhani anataka tu kutoka nyumbani, maana Deo alikuwa akishinda ghalani Euless, karibu na uwanja wa ndege, nami nilikuwa nafanya usafi hotelini, na yeye alibaki na televisheni asiyoielewa. Muhula ule wa kwanza darasa lilikuwa halibagui, aliyejua kidogo na asiyejua kabisa tulikaa chumba kimoja. Kwa hiyo nikawa mwanafunzi pamoja na mama yangu mzazi. Watu walitushangaa, nasi tulijiona watu wa maana.

Tulipanda treni. Ndani ya treni mama alikuwa akisogeza midomo bila sauti. Nilidhani anasali rozari. Siku moja nikamsikia: hakuwa anasali, alikuwa anajaribu maneno ya Kiingereza, neno moja analigeuza mara nyingi mpaka likae mdomoni. Nilicheka, naye akacheka, akaendelea.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Mwalimu wetu, mama mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, alisema kila mmoja atasimama ajitambulishe, kisha aongeze jambo moja lolote analotaka tulijue. Alisimama Mzee Lazaro, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee mwenzetu wa Burundi aliyekuwa akifua mashuka hotelini kwa siku nzima na kuja darasani amechoka hoi. Alijikwaa, akajikwaa tena, akafika mwisho. Nikasimama mimi, nikatiririka. Kisha akasimama mama.

"My name is Melania," akasema. Ilitoka safi kabisa. "I am..." Kisha akanyamaza.

Mwalimu alikuwa amekunja mikono, anamtazama kwa macho ya kumngoja mtu. Mama alikuwa akisogeza midomo kama kule kwenye treni, neno limefika karibu, linatafuta mlango. Na mimi, mwanangu, nilisikia joto linanipanda shingoni. Niliona wenzetu wanamtazama mama yangu, mtu mzima na kitenge chake, amesimama kama mtoto aliyesahau shairi. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasimama.

"She is my mother," nikasema. "She is from Burundi. She doesn't know English, but she is very happy to be here."

Darasa likapiga makofi. Si kwa ubaya, walimpenda mtoto anayemsaidia mama yake. Mama akaketi, akanipigapiga goti kwa mkono wake na kuniambia kwa Kiswahili, "Asante, mdomo wangu." Nami nikavimba kichwa kwa fahari.

Usinielewe vibaya. Wewe umezaliwa kwetu, unajua tulivyolelewa. Ukimkuta mzazi njiani na ndoo au kuni, unampokea mzigo. Hungoji akuombe, na ukimpita mikono mitupu kijiji kizima kitakusema. Kambini nilipokuwa msichana mdogo mama alinipeleka kwenye foleni ya mgao nimsomee ubao, na wanawake wengine wakamwambia, "Melania, una bahati, una mdomo." Mtoto aliyesoma ndiye mdomo wa nyumba. Kwa hiyo siku ile darasani mimi nilimpokea mama mzigo, kama nilivyofundwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba iko mizigo ambayo mtu hapokelewi.

Aliyeniambia ni Mzee Lazaro, na aliniambia jioni ile ile, kituoni, tukingoja treni. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi mbali kidogo.

"Binti," akasema, "mama yako ana meno?"

"Anayo, mzee."

"Basi mbona unamtafunia?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Mtu akitafuniwa kila siku," akasema, "meno yake yanasahau kazi."

Nikamjibu kwa ule ujuaji wangu, "Mzee, hii ni Amerika. Watu wana haraka."

"Nani alikuwa na haraka? Mwalimu alikuwa anangoja. Sisi sote tulikuwa tunangoja. Mwenye haraka ulikuwa wewe peke yako." Kisha akaongeza, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yako yuko nchi hii mwaka wa pili, na jembe bado umelishika wewe."

Treni ikaja ikaniokoa. Moyoni nilisema, huyu mzee Kiingereza chake kinachechemea, halafu ananifundisha mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilikuwa naiimba methali hiyo tangu darasa la pili, na sikudhani hata siku moja kwamba guu linalosemwa ni langu.

Mama hakusimama tena darasani. Mwalimu alipomwuliza kitu alinitazama mimi, nami nilijibu. Alipoandika, aliniletea nimsahihishie kabla mwalimu hajaona, na mimi badala ya kumwonyesha kosa niliandika upya kwa mkono wangu, maana ilikuwa haraka zaidi. Kwenye treni midomo yake ikaacha kusogea. Muhula ulipokwisha akasema, "Mwanangu, nenda wewe. Mimi najisikia naketi pale kukulindia mkoba tu." Nilimbembeleza kidogo, kidogo sana, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula huku akijua sufuria ni tupu. Moyoni nilikuwa nimepata nafuu. Sasa ningekwenda kwa mwendo wangu.

Na nilikwenda kweli. Madarasa yale ya awali niliyamaliza, nikaingia yale yanayohesabiwa na vyuo vikuu, ya kusoma na kuandika insha. Nilikuwa nasoma ndani ya basi, nasoma nikikunja mashuka, nasoma huku nimesimama jikoni. Na kwa kuwa sikuwa na muda wa kumfundisha mama Kiingereza, nikamfundisha njia ya mkato. Nilimkalisha mezani nikamwambia, "Mama, ukikutana na Mzungu akakuuliza kitu, usihangaike. Sema yes, tabasamu, halafu nipigie simu. Mimi nitamalizia."

"Niseme yes hata kama sijaelewa?"

"Hata kama hujaelewa. Ukisema no watakasirika au watakuuliza kwa nini. Yes haina matata."

Akajizoeza yes yake. Alikuwa na yes tamu sana, mwanangu, yenye kichwa kinachoinama kidogo, ile heshima yetu ya kumwitikia mtu mzima. Wamarekani waliipenda. Deo akirudi kutoka kazini anamtania, "Mama, nipe hela," naye anasema "Yes!" kisha anamwinulia mwiko.

Kuna siku alikuja kijana mlangoni anauza huduma za televisheni. Mama akasema yes kwa kila alichoulizwa. Baada ya siku chache wakaja mafundi na maboksi na ngazi, wakaanza kutoboa ukuta. Nilipigiwa simu nikakimbia kutoka kazini, nikawakuta mafundi wamekaribishwa chai na maandazi, na mama ameketi pembeni yao anatabasamu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama mwenyewe aliisimulia parokiani, akiigiza yule fundi mwenye ngazi, watu wakaanguka kwa kicheko. Sote tulicheka isipokuwa Mzee Lazaro. Yeye alinitazama tu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Alikuwa bado anasoma, muhula baada ya muhula, anarudia darasa lile lile bila aibu.

Mwisho ukafika wakati wa kuhama kwenda chuo kikuu. Walitaka insha kuhusu mtu aliyenifikisha pale nilipo. Hapo sikufikiri mara mbili. Niliandika juu ya mama, jinsi alivyonibeba mgongoni tukivuka mpaka, jinsi alivyouza kitenge chake cha harusi ninunuliwe sare ya shule. Mwalimu wa uandishi alinisifu mbele ya darasa. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, nikamkuta mama jikoni anachambua maharage, nikamsomea yote kwa Kiingereza, kwa sauti, kwa madoido. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Umesema nini hapo, mwanangu?"

"Nimekusifia, mama. Ni wewe humu ndani."

"Kumbe! Nilisikia Melania." Akacheka. "Sasa nisomee kwa maneno ninayoyajua."

"Kesho, mama. Sasa hivi naingia shift."

Kesho hiyo haikufika. Ilikuja kazi, ukaja mtihani, nikasahau. Insha ile ndiyo iliyonifungulia mlango wa chuo kikuu Houston, na mwenyewe aliyeandikwa humo hakuwahi kuielewa. Nimekosea mengi maishani, lakini kama ningeweza kurudisha jioni moja tu, ningerudisha ile ya maharage.

Nikahamia Houston mwaka 2019. Nilipanga chumba Missouri City, pembeni ya Houston, kwa familia moja ya Kitanzania, watu wema. Kutoka Dallas ni mwendo wa saa nne kwa gari, lakini mdomo wa mama haukuhama, ulikuwa kwenye simu. Akienda kwa daktari ananipigia, anampa daktari simu. Akienda duka la dawa, ananipigia. Bomba likivuja, fundi anapewa simu. Nilikuwa natoka darasani katikati ya somo, nasimama kwenye korido nikieleza goti la mama linavyouma wakati wa baridi. Wenzangu walinihurumia. Mimi sikulalamika hata kidogo, na hapo ndipo ujue ugonjwa wangu ulipokuwa. Nilipenda kuhitajiwa. Kila simu ile ilipolia nilijiona bado niko nyumbani, bado mtoto mwema. Ningemfundisha mama kujisemea, ningekuwa nani?

Kisha ukaja mwaka 2020 na ile korona. Kule ghalani Euless wakaanza kuugua mmoja mmoja. Deo akaugua, akapona kwa shida. Kisha mama. Asubuhi moja alishindwa kuinuka, pumzi haitoshi, Deo akaita gari la wagonjwa. Watu wenye mavazi ya plastiki wakamchukua. Deo hakuruhusiwa kumfuata, unakumbuka ilivyokuwa, hospitali hazikuruhusu ndugu. Na katika haraka ile ya kumvalisha na kumbeba, simu ya mama ilibaki kitandani, ikichajiwa.

Unaelewa hapo? Alikwenda bila mdomo.

Nilipiga hospitali siku nzima. Laini zilikuwa zimezidiwa, wauguzi wamezidiwa, nami siwalaumu hata chembe. Nilipompata nesi wa wodi yake ilikuwa siku ya pili. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, sauti yake imechoka. Akaniambia mama yako ni mtu mzuri sana, hana usumbufu kabisa. Nikamwuliza mnaongeaje naye? Akasema, tulipompokea tulimwuliza kama anajua Kiingereza, akasema yes.

Mwanangu, niliketi chini, sakafuni, palepale nilipokuwa.

Wakamwuliza anapata nafuu, akasema yes. Anaumwa? Yes. Amelala vizuri? Yes. Nesi akanieleza kwamba asubuhi ile alimwinamia akamwuliza, kuna kitu chochote unachotaka, mpenzi? Mama akasema yes. Nesi akangoja aseme anataka nini. Mama akamtazama akitabasamu, naye akangoja. Wakatazamana hivyo, kisha nesi akaitwa na mgonjwa mwingine.

Nesi hakujua kwamba mama alikuwa ameshamaliza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ilikuwa yangu. Mimi nitamalizia, ndivyo nilivyomwambia.

Nikawaeleza kwamba hajui Kiingereza, nikalia, nikaomba mkalimani. Walihangaika wakampata mtu wa kwenye simu, lakini kufikia hapo hali ilikuwa imegeuka na daktari alikuwa anataka kumweka kwenye mashine ya kupumulia. Daktari aliniambia baadaye kwamba dawa zote alipewa, na ugonjwa ulikuwa umemzidi tangu mwanzo. Ninamwamini. Sikwambii kwamba yes ndiyo iliyomwua mama yangu. Nakwambia aliondoka na haja yake moja ambayo hakuna mtu duniani anayeijua. Pengine ni maji. Pengine padri. Pengine alisikia baridi miguuni, alikuwa mtu wa kusikia baridi miguuni.

Baada ya mazishi nilipigiwa simu na mwanamke aliyezungumza Kiswahili cha Kenya. Jina lake Njeri, nesi wa wodi ile, alikuwa ameingia zamu asubuhi ya mwisho kabla mama hajawekewa mashine.

"Pole sana, dada," akasema. "Nilisoma jina kwa faili nikajua huyu ni mtu wa kwetu. Nikamwongelesha Kiswahili. Weh, alifurahi! Alinishika mkono hivi, hakutaka kuachilia."

Nikamwuliza, mama alisema nini?

"Nilimwuliza, 'Mum, uko na kitu unataka niwaambie hawa madaktari?' Akaniambia, 'Usisumbuke, mwanangu. Binti yangu akija atawaambia.' Nikamwexplainia eti visitors hawaruhusiwi, hakuna mtu anaingia. Akacheka kidogo. Akasema, 'Atakuja tu. Yeye ndiye mdomo wangu.' Halafu wakakuja na mashine."

Hata Kiswahili kilipomfuata kitandani, mwanangu, hakukitumia. Alikuwa amekwisha kuzoea kwamba maneno yake yako kwa mtu mwingine. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea mama kuaibika mbele ya watu wa darasani ambao leo siwakumbuki hata majina, na ninalia mimi.

Makaburini tuliruhusiwa watu wachache, tumevaa barakoa, tumesimama mbalimbali. Wale wafanyakazi walitaka kumaliza upesi, walikuwa na wengine wanaongoja. Tulitaka kumwimbia mama wimbo mmoja. Nilifungua mdomo niwaombe, na sauti haikutoka. Mimi, mdomo wa nyumba! Mzee Lazaro akapiga hatua mbele, akawazungumzisha kwa Kiingereza chake kinachochechemea. Alijikwaa. Akanyamaza katikati, anatafuta neno. Deo akaanza kusogea kumsaidia, nami nikamshika Deo mkono. Tukangoja. Mzee akalipata neno lake, wale watu wakainamisha vichwa, wakarudi nyuma, wakatuachia tuimbe. Tuliimba wote mpaka ubeti wa mwisho.

Nilimaliza chuo kikuu, na kazi ninayofanya unaijua, mkalimani hospitalini. Siku ya kwanza ya mafunzo walituambia, usimmalizie mgonjwa sentensi yake, hata kama unajua anakoelekea. Nililipa ada ya miaka yote ile kuja kuambiwa alichoniambia Lazaro bure kituoni. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekua, anatembea, ananifuata kila mahali.

Kila mara nairudia ile jioni ya darasani. "My name is Melania. I am..." Mimi nilimmalizia kwamba hajui Kiingereza. Lakini yeye alitaka kusema nini? Mwalimu alituambia tuongeze jambo moja tunalotaka lijulikane. Mama alikuwa nalo, alikuja nalo kwenye treni akiligeuzageuza mdomoni, na nimejaribu kumalizia sentensi ile kwa kila namna, I am a widow, I am a mother, I am a singer, maana aliimba vizuri kanisani. Hakuna inayokaa. Ilikuwa yake, na mimi nilitakiwa kungoja kidogo tu niipate, nikashindwa.

Basi sikiliza. Mwezi wa nane utakuwa koleji moja na baba yako. Utamzidi, na hilo si kosa, kijana hujifunza upesi. Soma, upite, uhame chuo kikuu, uende mbali kadiri Mungu atakavyokupeleka, na usimngoje mtu katika hilo. Lakini baba yako akisimama kusema, mikono yako iweke mfukoni. Atajikwaa. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na wewe huwezi kumwendea mbele mtu mwingine. Utasikia joto linakupanda shingoni, vumilia, ni lako, wala si la baba yako. Watu wakimcheka, kaa naye. Akikuomba neno, mpe hilo neno moja alilokuomba, usimpe sentensi nzima. Na insha yako ya kwanza, kabla hujaipeleka kwa mwalimu, mtafsirie yeye, siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Kumpokea mzazi mzigo ni heshima, endelea nayo, mbebee mifuko ya dukani, mbebee hata viatu. Ulimi wake mwachie.

Na usimfundishe yes. Mfundishe kwanza kusema "I don't understand", na aiseme kwa sauti, kichwa juu. Mfundishe kusema "I want", kisha mwache amalizie mwenyewe.

Haya, chai imepoa, nimekuweka muda mrefu. Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha. Akupe akili ya kushika haraka na moyo wa kwenda polepole. Ampe baba yako umri, na amlainishie ulimi, na siku ya kuhitimu kwako asimame yeye mbele ya watu aseme anachotaka kukisema kuhusu mwanawe, akimaliza mwenyewe. Jumapili hii, mkirudi kwa karani wa parokia kuuliza saa ya kuanza mafundisho, mpishe baba yako mbele. Nikiwa nyuma yenu kwenye foleni msinionee haya, hata akichukua asubuhi nzima. Mimi sina haraka.